Mashine ya santuri iliyotoka Sake na sindano iliyoifaa

NDOSHO, GOMA – Watu wanapokimbia vita, kila nyumba huchagua vitu vya kubeba. Wengine hubeba godoro, sufuria na bidoni ya maji. Wengine hufunga mbuzi kamba na kuweka karatasi za shule za watoto kifuani. Mwezi wa pili wa mwaka 2024, mapigano yalipokaribia Sake, maelfu ya wakaaji walishika barabara ya Goma. Kati yao kulikuwa familia moja iliyosukuma chukudu, na juu ya chukudu, katikati ya magodoro mawili, mashine ya kupiga santuri iliyofungwa katika vitenge vitatu. Sahani yake ya chuma, ile inayozunguka, ilikuwa imetolewa kwa sababu ya uzito wake wa karibu kilo 4. Mjukuu wa kiume aliibeba mgongoni katika mfuko wa shule hadi Goma.

Mwenye mashine ni mzee wa zaidi ya miaka 70, na watu wote wa nyumba ile wanamwita Mzee tu. Katika ujana wake alikuwa karani wa shamba la kahawa upande wa Masisi. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yangepita katika mikono ya Wazairwa. Mwenye shamba alianza kufunga mizigo yake, na karani kijana akanunua kwake vitu ambavyo hakuna mtu mwingine aliyevitaka: mashine ya Lenco L75 iliyotengenezwa Uswisi, ampli moja, na bafle mbili kubwa. Alilipa kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Santuri zenyewe, au madiski kama wasemavyo watu wa Goma, zina asili mbili. Za kwanza ni za marehemu baba yake, aliyefanya kazi katika migodi ya Katanga wakati wa Wabelgiji. Alirudi Kivu na sanduku la santuri nzito, nyeusi, za mizunguko 78 kwa dakika. Ndani yake zilikuwamo za Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Za pili ni za vinili, ambazo Mzee alinunua mwenyewe: Grand Kallé na African Jazz, Franco na OK Jazz, Docteur Nico, Tabu Ley. Ni muziki ule ambao UNESCO iliandika katika urithi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021, wakati rumba ya Kongo zote mbili ilipoheshimiwa.

Walipofika Ndosho, nyumbani kwa mdogo wake Mzee, walifungua mizigo na kuhesabu. Santuri za 78 zilikuwa 11, lakini mbili zilikuwa vipande. Santuri za aina hiyo hazipindiki, huvunjika kama chungu. Za vinili zilikuwa 63, nyingine zikiwa mbili mbili, kwa sababu zamani Mzee alikuwa akiazima muziki kwa wenye nganda na harusi, naye alijua kwamba kitu cha kuazima hakirudi kizima. Bafle zilikuwa zimebaki Sake. Na kile kichwa kidogo cha sindano kinachokaa mwisho wa mkono wa mashine, ambacho mafundi wa Goma wanakiita selile kwa kufuata Kifaransa, kilikuwa kimepondeka.

Hapo ndipo matata yalipoanza, kwa sababu katika nyumba yenye watu 14 wanaokula mara moja kwa siku, sindano ya muziki si kitu cha kuomba mbele ya watu.

Binti ya Mzee ni mwalimu. Mtoto wake, yule aliyebeba sahani ya chuma, alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na pesa za kujiandikisha kwa mtihani wa taifa, egzeta, zilikuwa zinadaiwa. Mfanyabiashara mmoja anayenunua santuri za zamani kwa ajili ya wapenzi wa muziki wa ng'ambo alisikia habari za sanduku lile akafika Ndosho. Alizitazama moja moja chini ya jua. Kisha akasema bei: dola 2 kila moja, zote pamoja, bila kusikiliza. Zile zinazolia vizuri, alisema, zingeweza kupata bei nyingine, lakini nani atajua zinaliaje?

«Papa, tuuze zote,» binti alisema mtu yule alipoondoka. «Mtoto anaandika egzeta. Mtihani haungoji mtu.»

«Mama, nitauza,» Mzee alimjibu. «Lakini kitu ambacho mimi mwenyewe sijui kama bado kinasema, nitakipanga bei gani?»

«Na sindano, utainunua na nini?»

Mzee hakuwa na jibu siku ile.

Mfanyabiashara alikuwa amekuja na kimashine kidogo cha valisi, cha plastiki, akataka kujaribu santuri mbili tatu pale pale. Mzee aliomba kwanza kuona sindano. Aliigeuza, akaitazama kwa miwani ya mdogo wake, akamrudishia kwa heshima. «Hii ni ya vinili,» alisema. «Na mkono wake ni mzito. Santuri za baba yangu hapana.»

Jambo hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu nyumba nyingi zenye santuri za wazee hazilijui. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha yenye nusu-kipenyo cha kama mikroni 76. Mfereji wa vinili ni mwembamba, na ncha yake ya kawaida ni kama mikroni 18 tu. Ukiweka sindano ya vinili katika santuri ya 78, inaangukia chini kabisa, kwenye vumbi na uchafu, na kugongagonga huku na huku bila kushika kuta za mfereji, mahali muziki ulipoandikwa. Ni kama gurudumu la chukudu katika alama za malori kwenye barabara ya Masisi wakati wa mvua: halipandi kushoto wala kulia, linaburuzwa tu. Ukifanya kinyume, sindano pana ya 78 juu ya vinili haingii ndani, inapita juu ya kingo na kuziponda. Nyimbo zilizopondwa hivyo hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kwa hiyo sindano moja haitoshi sanduku lenye santuri za aina mbili. Hilo Mzee alilijua tangu zamani. Alichokuwa hakijui ni vichwa gani vinapatikana leo, na kipi kinakubaliana na mkono wa Lenco na ampli ya miaka ile.

Alikwenda Birere kwa miguu, kwa fundi wa redio anayejulikana na watu wa rika lake. Hakubeba mashine, alibeba kishikio cha kichwa tu, ambacho katika Lenco kinatoka, pamoja na karatasi aliyoandika maneno yote yaliyopo nyuma ya ampli. Fundi alisoma karatasi kabla ya kutazama kitu kingine.

«Mzee, umefanya vizuri kuniletea maandishi ya ampli,» alisema. «Watu wananunua selile kwanza, halafu wanauliza ampli.»

Fundi alimweleza kwamba vichwa viko vya aina tatu kubwa. Aina ya kwanza ni ya kioo au ya keramiki. Ndani yake kuna kipande kinachotoa umeme kikikunjwa. Kinatoa umeme mwingi, mamia ya milivolti, ndiyo sababu kinawekwa katika mashine ndogo za valisi zisizo na ampli ya maana. Ni rahisi, na Birere kinapatikana. Lakini kinahitaji uzito mkubwa juu ya sindano, mara nyingi gramu 5 au zaidi, na sindano yake mara nyingi ni ya yakuti ya kutengenezwa, ambayo huisha mapema sana kuliko almasi. Sindano iliyoisha haizimi. Inaendelea kucheza, na ncha yake iliyochongeka inakata mfereji kila mzunguko.

Aina ya pili ni ile ambayo ndani yake nyaya ndogo sana ndizo zinazotikisika karibu na sumaku isiyotembea. Wapenzi wa muziki wanaisifu sana kwa usafi wa sauti. Mtu mmoja pale sokoni alikuwa nacho kimoja, kilichotumika, akakiuza kwa bei ya juu na maneno mengi. Fundi alimtoa Mzee pembeni. Kichwa kama hicho mara nyingi kinatoa chini ya nusu milivolti. Ampli ya Mzee haiwezi kukisikia bila kifaa kingine cha kukikuza, ambacho ni bei nyingine tena. Na sindano yake haichomolewi kwa mkono. Ikivunjika, kichwa kizima kinarudi kwa mtengenezaji, na mtengenezaji hayupo Goma.

Aina ya tatu ndiyo ambayo sumaku ndogo inatikisika katikati ya nyaya zilizotulia. Inatoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Mlango ulioandikwa PHONO nyuma ya ampli nyingi za miaka ya 1970 umetengenezwa kwa ajili yake, na upinzani wa oumu 47,000. Ampli ya Mzee ina milango miwili, mmoja umeandikwa MAG na mwingine CER. Wa kwanza ni wa sumaku, wa pili ni wa keramiki. Ukichanganya, sauti itakuwa hafifu kama ya mtu aliye ndani ya kisima, au itapasuka.

«Basi ni sumaku,» Mzee alisema.

«Ni sumaku. Lakini sumaku ipi? Sasa tutazame mkono.»

Mkono wa Lenco si mwepesi. Fundi alitumia mfano wa gari. Kila kichwa kina springi yake, ile inayoshika sindano. Mkono ni mzigo juu ya springi. Ukiweka mzigo mzito juu ya springi laini sana, gari linayumba polepole katika kila shimo. Kwenye mashine ya santuri, kuyumba huko kukiwa chini ya mara 7 au 8 kwa sekunde, hatua za watu chumbani na mabonde ya santuri iliyopinda yanaufanya mkono kuruka. Ukiweka springi ngumu mno juu ya mkono mwepesi, mtikisiko unapanda na kukaribia besi za muziki wenyewe, ambazo zinaanza karibu na mara 20. Mahali pazuri ni kati ya 8 na 12. Kwa hiyo mkono mzito kidogo unataka kichwa chenye springi ya wastani, si kile chenye springi laini kupita kiasi kilichotengenezwa kwa mikono myepesi kama ubua.

Mwishowe fundi aliandika jina moja katika karatasi: Audio-Technica, kutoka Japani, familia ya VM95. Sababu yake haikuwa kwamba ndicho kichwa bora duniani. Sababu yake ilikuwa kwamba mwili wa kichwa ni mmoja, na sindano zake zinachomolewa kwa vidole na kubadilishana. Iko sindano ya C, yenye ncha ya mviringo, ya bei ndogo kuliko nyingine, inayofaa vinili vya zamani na kucheza na gramu 2. Iko pia sindano ya SP, pana, iliyotengenezwa kwa ajili ya santuri za 78, inayocheza na gramu 5. Zote mbili ni za almasi. Mwili wake una uzito wa gramu 6 na kidogo, ambao uzito wa nyuma wa mkono wa Lenco unaweza kuusawazisha, na tundu zake ziko umbali wa milimita 12.7, kipimo kile kile cha vishikio vya zamani.

«Kuna nyingine za bei juu,» fundi alisema. «Zenye ncha nyembamba sana. Zile zinataka santuri mpya na mkono uliopangwa kwa mikroni. Katika santuri iliyopigwa kwenye nganda miaka 40, zitakusomea makwaruzo yote, moja moja.»

Mzee alirudi Ndosho na karatasi. Bei alikuwa ameijua kwa simu kutoka kwa mpwa wake aliyeko Nairobi: mwili pamoja na sindano mbili, na usafiri, dola 130. Alipotaja hesabu ile, hakuna aliyesema neno. Dola 130 katika nyumba ile zilikuwa unga wa miezi.

Aliyepata njia ni binti yake, yeye aliyetaka kuuza zote. Alikaa usiku na daftari lake la darasani akaziandika santuri zote, upande wa kwanza na wa pili, jina la wimbo, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati. Aligundua kwamba vinili 21 vilikuwa na pacha. «Papa, pacha hizi tuuze sasa, hata kwa bei yake ya matusi,» alisema. «Hizo hazitapotea, kwa sababu ndugu zake zinabaki. Lakini tukubaliane. Sindano ikifika, tutasikiliza, tutanakili, halafu nyingine zitakwenda. Egzeta kwanza, muziki nyuma.»

Mzee alikubali. Mfanyabiashara, baada ya ubishi wa mchana mzima, hakupata pacha kwa dola 2. Binti ndiye aliyezungumza, akimwonyesha daftari, na mtu yule alipoona namba zimeandikwa vizuri alielewa kwamba hakuwa tena mbele ya watu wasiojua walicho nacho. Alitoa dola 140 kwa zote 21. Dola 10 zilizobaki zilinunua maharagwe.

Mzigo ulitoka Nairobi kwa basi, ukapita Kigali, ukavuka Petite Barrière katika mkoba wa mama mmoja anayefanya biashara ya kila siku Gisenyi. Ulikuwa mdogo kuliko pakiti ya sigara. Watoto wa nyumba walikusanyika kuona kitu cha dola 130, wakatawanyika mara moja.

Kuweka kichwa kulichukua siku mbili, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Mkono wa Lenco umekalia vipande viwili vya mpira vyenye umbo la V, na mpira huo huoza kwa miaka. Vya Mzee vilikuwa unga. Fundi alichonga vingine kutoka kipande cha nailoni ngumu, kwa kisu na tupa, akavipima mara sita. Kisha alifunga nyaya nne nyuma ya kichwa kwa rangi zake: nyekundu na kijani za upande wa kulia, nyeupe na buluu za upande wa kushoto. Hakuchomea nyaya moja kwa moja kwenye pini za kichwa, kwa sababu moto wa chuma cha kuchomea unaweza kuua nyuzi za ndani. Alitumia vishikizo vidogo.

Ilibaki kupima uzito wa sindano. Mizani ya kazi hiyo haiuzwi mjini, lakini Goma ina wanunuzi wa dhahabu, na mizani yao ndogo inapima hadi sehemu ya mia ya gramu. Jirani mmoja aliazima ya bosi wake kwa saa moja. Mzee alishangaa kusikia kwamba uzito mdogo kupita kiasi ni hatari kuliko uliozidi kidogo. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba kupunguza ni kuhurumia. Fundi alimweleza kwamba sindano nyepesi mno inarukaruka mferejini wakati wa sauti kubwa, na kila ikianguka inapiga kuta kama patasi. Walipanga gramu 2 kwa vinili, wakaweka alama ya rangi ya kucha mahali pa kusukumia uzito, na alama nyingine kwa gramu 5.

Kabla ya santuri yoyote kuguswa na sindano mpya, binti aliziosha. Goma ni mji wa volkano, na vumbi lake jeusi la mawe ya Nyiragongo linakata kama msasa. Alitumia maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo na brashi laini, akizungusha kufuata mfereji, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zikakauka kivulini. Mtu mmoja wa nyumba alileta spiriti ya dawa akidhani inasafisha zaidi, na Mzee akapiga kelele. Vinili huvumilia. Lakini santuri za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, ambayo ni utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti huyeyusha shelaki. Dakika moja ingetosha kufuta gitaa la Mwenda.

Walingoja umeme wa laini. Inveta ya bei ndogo ya paneli ya jua haitoi wimbi laini, na mota ya zamani kama ile hulia na kupata moto. Waya wa udongo wa mashine ulifungwa kwenye ampli, na ule mngurumo wa nyuki ukakatika. Bafle hazikuwepo, lakini hazikuhitajiwa. Fundi alitengeneza waya kutoka mlango wa ampli wa kurekodia, wenye pini tano, hadi kompyuta iliyoazimwa na shule ya binti. Kila mtu alisikiliza kwa zamu katika ekuta za simu.

Kwa santuri za 78 walichomoa sindano ya C, wakachomeka ya SP, wakasukuma uzito hadi alama ya pili. Fundi alibonyeza pia kifungo cha MONO. Hakuna hasara, kwa sababu santuri zile hazina sauti mbili. Na faida ni kubwa: muziki wake umeandikwa kwa kwenda kushoto na kulia tu, lakini sehemu ya kelele inatoka katika sindano kupanda na kushuka. Kifungo kile kinaziunganisha pande mbili, na kelele ile ya kupanda na kushuka inajifuta yenyewe. Sauti ilitoka nzito kidogo, kwa sababu ampli ya miaka ya 1970 imepangwa kwa kanuni ya vinili, si ya 78. Wakaongeza treble kidogo, basi.

Kati ya santuri 9 za 78, sita zililia vizuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, zililiwa zamani na sindano za chuma za gramafoni ya kukoroga. Ya tisa ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati, na fundi alikataa kuicheza. Ufa kama ule unaweza kung'oa almasi. Mzee alibishana naye kwa muda mrefu, kwa sababu ile ndiyo baba yake alikuwa akiipenda kuliko zote. Fundi hakukubali. Imerudi katika karatasi yake bila kusikilizwa.

Kilichofuata hakikuwafurahisha watu wote. Mfanyabiashara alipopelekewa kwa simu dakika moja moja ya kila santuri, bei ilibadilika. Mzee aliuza vinili 30 na santuri mbili za 78, na pesa zile zililipa egzeta ya mjukuu, deni la shule la watoto wengine wawili, na mchango wa kodi kwa mdogo wake. Baadhi ya ndugu walisema aliuza urithi wa ukoo. Wengine walisema alipaswa kuuza yote na kununua cherehani. Yeye aliwajibu kwa maneno machache kwamba sauti zote ziko katika kompyuta, katika simu tatu na katika kifaa kimoja kidogo alichompa mpwa wake wa Nairobi, ili nyumba ikikimbia tena, zisitegemee chukudu. Lakini walio karibu naye wanasema kwamba kwa siku kadhaa baada ya kuuza hakugusa mashine.

Jioni, vijana wa Sake na Masisi wanaoishi mtaani pale huja na simu zao kuomba wahamishiwe nyimbo. Wengi hawakujua kwamba watu waliimba kwa Kiswahili na gitaa moja tu kabla ya uhuru, tena wakiimba mambo ya kila siku. Mwanamke mmoja, mkimbizi mwenye umri wa Mzee, alikuja siku tatu mfululizo kusikiliza wimbo ule ule mmoja, akashukuru, akaenda zake bila kueleza.

Familia nyingi za Kivu na Katanga bado zina sanduku kama lile, chini ya kitanda au katika nyumba ya jamaa. Kutokana na safari ya Mzee, kuna mambo ya kukumbuka. Soma kwanza mlango wa ampli: MAG au CER. Tenganisha santuri za 78 na za vinili, na usikubali sindano moja ipite katika zote mbili. Chagua kichwa chenye sindano ya almasi inayochomoka, na springi ya wastani kama mkono ni wa zamani na mzito. Pima uzito kwa mizani, si kwa jicho. Osha kwa maji, kamwe usitie spiriti kwenye za 78. Rekodi mara ya kwanza inapolia vizuri, kwa sababu kila mchezo unapunguza kitu. Na andika orodha, namba zote, kabla mnunuzi hajaingia uani.

Mzee ana daftari lingine sasa. Sindano ya almasi yenye kutunzwa inaweza kufanya kazi saa 500 na zaidi, naye anataka kujua zitakwisha lini. Kila upande wa 78 ni kama dakika 3, kila upande wa vinili kubwa ni kama dakika 20. Anaandika tarehe, wimbo, na dakika, kwa mwandiko ule ule wa karani aliokuwa akiutumia kupima magunia ya kahawa. Hadi mwisho wa mwezi uliopita alikuwa amefika saa 31.